Kushtuka kwa Alama Ishirini

Mwalimu mkuu ameniomba niwaandikie kitu nyinyi mnaobaki katika chumba cha breli. Alisema niandike "safari yangu ya utumishi". Safari yenyewe ilikuwa kutoka mlangoni hadi meza ya dirishani, na niliirudia kila asubuhi kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilipandishwa cheo lini na nikaongezewa nini, someni kwenye faili kama hamna la kufanya. Mimi nitawaambia habari za kazi, na hasa za kitabu kimoja cha hadithi fupi ambacho hadi leo nikikikumbuka napandwa na mori.

Nilifika hapa wakati wa mvua, msichana wa Kibugu aliyechoka kuchuma majani chai, nikiwa na cheti cha kupiga taipu. Nilidhani nimeajiriwa kuwa karani. Nikaonyeshwa mashine ya chuma yenye vitufe sita, na kingine kirefu cha kuacha nafasi. Nikaigeuza, nikatazama chini yake.

"Herufi nyingine ziko wapi?" nikauliza.

Mzee aliyeketi pembeni akacheka hadi akashika mbavu. "Ziko zote hapo, mwari," akasema. Aliniita hivyo tangu siku hiyo, mwari, yaani binti kwa Kimeru chake, hata nilipokuwa na wajukuu. "Ziko zote. Ni wewe bado hujazipata."

Huyo ndiye Mwalimu M'Ikiara. Alikuwa kipofu tangu utotoni, alifundisha historia, na ndiye aliyesoma kwa vidole kila ukurasa uliotoka katika chumba hiki kabla haujafika kwa mwanafunzi. Alitoka Laare na hakuwahi kutafuna miraa, jambo ambalo watu walilistaajabia kuliko upofu wake.

Alinifunza kazi kwa kuniudhi. Sisi tunaoona huwa tunasoma breli kwa macho, tunainamisha karatasi upande wa dirisha ili nukta zitupe kivuli. Yeye akinisikia nikiinamisha karatasi, alinichapa kiganja kwa rula. "Mtoto hatasoma kivuli. Guza." Nikaguza mpaka ncha za vidole zikawaka. Alinifunza kwamba karatasi nyepesi ni kumwibia mwanafunzi, nukta zinalala kabla ya muhula kwisha. Kwamba kurasa hazipangwi kifudifudi moja juu ya nyingine na kuwekewa mzigo kama magunia ya mahindi. Kwamba mtu aliyetoka kula ugali kwa nyama anawe kwa sabuni kabla ya kushika kitabu, na hiyo ni pamoja na walimu. Na alinifunza sheria moja kubwa, ambayo nawaachia kama ilivyo: "Andika kilichoandikwa. Kama mwandishi amefanya ujinga, mwachie ujinga wake. Ni mali yake, si yako."

Sasa nije kwenye hadithi fupi.

Sijui ni nani aliyewaambia waandishi wa nchi hii kwamba hadithi fupi ni lazima imrukie msomaji kutoka kichakani. Kuna kipindi kila mkusanyiko ulioletwa mezani kwangu ulikuwa hivyo. Msimulizi kumbe alikufa zamani. Kumbe yote yalikuwa ndoto. Kumbe mwizi aliyepigwa mawe ni ndugu wa aliyerusha jiwe la kwanza. Kumbe bibi harusi ni dada aliyepotea. Kumbe, kumbe, kumbe. Nyinyi mnaosoma kwa macho mnaweza kuufurahia mchezo huo, maana unafika mwisho mbio na ukuta unakugonga. Mimi niliandika neno kwa neno, herufi kwa herufi, vidole sita juu ya vitufe. Mshangao unaokuja herufi moja moja haukushtui. Unakusogelea kama konokono, nawe umekaa unaungoja na chai inapoa.

Halafu kuna taabu ya majuzuu. Kitabu kinachoingia kwenye mfuko wa koti, kikigeuzwa breli, kinakuwa majuzuu matano mazito kama mtoto wa mwaka. Mkusanyiko wa kwanza nilioupiga niliukata mahali karatasi ziliponiishia, na hadithi moja ikabaki na kichwa katika juzuu la pili na mkia katika la tatu. Juzuu la tatu lilikuwa bweni jingine. Wavulana wa bweni hilo waliuza ule mwisho kwa kipande cha mkate hadi matroni akaingilia kati. Tangu hapo nikawa nahakikisha kila hadithi inalala na miguu yake ndani ya juzuu moja. Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Si kwa heshima ya mwandishi. Ni kwa ajili ya mkate.

Mwalimu M'Ikiara hakuzipenda kabisa hadithi hizo za kumbe. "Mtu anayenificha kitu kurasa kumi halafu ananionyesha kwa mstari mmoja si msimulizi," alisema. "Huyo ni mchuuzi wa miraa wa kwetu Laare. Vijiti vizuri nje ya kitita, makapi ndani." Lakini alisoma kila moja, nukta kwa nukta, na nikikosea alinirudishia ukurasa.

Mwaka ule ninaotaka kuwaambia, wizara ilitangaza mkusanyiko mpya wa hadithi fupi kuwa kitabu cha lazima kwa kidato cha nne. Sitautaja jina. Ulichelewa kutufikia, kama kawaida, maana shule nyingine zilinunua dukani nasi tulilazimika kuutengeneza. Aliyefundisha Kiswahili alikuwa Mwalimu Nyaga, kijana kutoka upande wa Embu, anayeona, mwenye bidii sana na viatu vinavyolia. Alisimama mlangoni kwangu kila asubuhi. "Madam Wawira, tumefika wapi?" Nikamwambia tungefika haraka kama angeacha kuuliza.

Hadithi ya mwisho katika kitabu hicho iliitwa "Fundi wa Kona". Nawasimulia kwa ufupi. Kuna mwanamke aliyeungua uso kwa moto. Watu wakimwona barabarani wanageuza macho. Siku moja anampelekea redio fundi mmoja kwenye kona ya soko. Fundi anazungumza naye vizuri, hageuki, hashtuki. Basi mwanamke anarudi kila siku ya soko na redio ambayo hata haijaharibika, kwa kuwa mbele ya fundi huyo anajiona ni mtu. Anaanza kuvaa vizuri. Anaanza kuamini kwamba bado anapendeza. Na mstari wa mwisho unasema hivi: jua lilipotua fundi alifunga sanduku lake, akanyoosha mkono, akachukua fimbo yake nyeupe, akaanza kurudi nyumbani.

Mimi nilishtuka. Hilo sitawaficha. Niliisoma kwa macho kwanza kabla ya kuipiga, na nilipofika kwenye ile fimbo nilishika kifua. Tena nilifurahi. Nikajiambia, hatimaye kuna mtu amewakumbuka watoto wetu, wamewekwa kitabuni, tena mwisho kabisa, mahali pa heshima. Niliipiga hadithi ile kwa uangalifu kuliko zote. Mwalimu M'Ikiara aliisoma, akanirudishia, hakusema kitu. Nikadhani ameguswa.

Juzuu lilipotoka, kidato cha nne walilichukua Ijumaa. Jumatatu asubuhi nikabishiwa mlango. Walikuwa wanafunzi wanne, na mbele yao Kananu.

Kananu alikuwa msichana wa Maua aliyepoteza macho kwa surua akiwa mdogo. Mwembamba, sauti ya chini, na alisoma kwa mikono miwili kwa kasi ambayo sijaiona tena: mkono wa kulia ukimaliza mstari, wa kushoto umeshaanza unaofuata. Alitaka kwenda chuo kikuu. Kwao hakuna aliyekuwa amemaliza hata darasa la nane, na mama yake alikuwa amemwambia wazi kwamba asipopata gredi nzuri atarudi nyumbani akae, maana shamba lao ni la miteremko na hawakujua angefanya nini huko.

"Madam," akasema, "samahani. Umeruka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa 'Fundi wa Kona'. Karatasi ya mwisho haiko."

Nikahisi damu inanipanda. Kuambiwa umeruka ukurasa, katika kazi hii, ni kama mpishi kuambiwa ametia mchanga. Nikachukua juzuu, nikahesabu kurasa, nikachukua kitabu chenyewe, nikalinganisha. "Iko," nikasema. "Sikilizeni." Nikawasomea: "'Akanyoosha mkono, akachukua fimbo yake nyeupe, akaanza kurudi nyumbani.'"

Wakabaki wamesimama, wakingoja.

"Endelea, Madam," akasema mvulana mmoja.

"Imekwisha."

"Imekwisha wapi? Si anaenda tu nyumbani?"

"Fimbo nyeupe," nikasema. "Yaani fundi ni kipofu."

"Ndiyo," akasema Kananu, kwa upole, kama mtu anayemngojea mtoto amalize. "Hiyo tunajua. Ni ya kushangaza gani?"

Nikawauliza walijuaje. Wakaanza kunijibu kwa pamoja. Fundi anamtambua mteja kwa mlio wa viatu. Anapima nyaya kwa kidole gumba. Anasikia harufu ya mvua kabla ya wenzake kwenye kona. Na hadithi nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, haina rangi hata moja isipokuwa ya hiyo fimbo. Walikuwa wamejua tangu aya ya pili. Wakasoma kurasa zote wakingoja jambo litokee, na jambo lenyewe likawa kwamba mtu ni kipofu.

"Na huyo mama ametukanwa," akasema Kananu. "Yaani anapendeka kwa asiyeona tu? Na sisi tukae hapo kama pipa, tusijue kitu? Mtu akikuja kwako kila siku ya soko, ukae naye, ucheke naye, kweli hutajua ako na uchungu?"

Walipoondoka nilimtazama Mwalimu M'Ikiara kwenye kiti chake. "Ulijua," nikasema. "Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa umefurahi sana, mwari," akasema.

Ningeacha hapo kama si mtihani wa moku, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Ulitungwa na jopo la walimu wa shule jirani, na swali la hadithi fupi lilikuwa hili: "'Mwisho wa hadithi ya Fundi wa Kona unamwacha msomaji kinywa wazi.' Thibitisha." Alama ishirini. Tazameni hilo neno, thibitisha. Halikusema jadili. Halikuuliza kama ni kweli. Lilikuamuru ushtuke, kisha ulete ushahidi.

Mnajua utaratibu. Mwanafunzi anaandika kwa breli, sisi tunaigeuza maandishi ya kawaida, karatasi inaenda kwa msahihishaji asiyejua nukta. Jibu la Kananu lilinifikia mimi, na nalikumbuka. Alianza hivi: "Mimi ni msomaji. Kinywa changu hakikufunguka." Kisha akaeleza, kwa mpangilio, viatu, nyaya, mvua, rangi. Akamalizia: "Nilikuwa nikingoja kusikia kama mwanamke yule atamwambia fundi kwamba ameungua, na mwandishi akanipa fimbo."

Mwalimu Nyaga alikuja akaliinamia jibu hilo begani kwangu. Viatu vikaacha kulia.

"Hii atapata sufuri," akasema.

"Ni jibu zuri."

"Ni zuri, lakini makingi skimu yao ya kusahihishia haina nafasi yake. Madam, wewe ndiye unaandika. Rekebisha kidogo tu. Weka 'msomaji wa kawaida anashtuka.' Hata sentensi moja."

"Siandiki ambacho hakuandika."

"Ni moku tu! Ni kumsaidia!"

"Basi kama ni moku tu, acha iende hivyo."

Alinikasirikia, na nilimwelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa na watoto wale Jumamosi zote akiwachambulia maudhui na taharuki, na aliijua gredi ambayo Kananu alihitaji. Lakini mimi nilipiga jibu lake lote, hadi nukta ya mwisho, nikalituma. Lilirudi na alama mbili. Pembeni msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hujaelewa hadithi." Ikabidi nimsomee Kananu maneno hayo, maana yalikuwa yake. Alisikiliza, akaniomba nimsomee tena, akanishukuru, akatoka. Niliketi pale na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Huwezi kubishana na wino.

Wiki iliyofuata Nyaga alibishana na Kananu darasani hadi nikamsikia kutoka kwangu. "Kananu, mtihani si mahali pa kusema ukweli wako! Andika wanachotaka!" Naye akasema, kwa sauti ile ya chini, kwamba hawezi kuandika alishtuka kama hakushtuka.

Hapo ndipo Nyaga akapata wazo, na tumpe haki yake, lilikuwa wazo jema. Mwandishi wa ile hadithi, Bwana Ireri, alikuwa mtumishi wa ofisi mjini Embu. Nyaga alimwandikia, akamwalika aje aisome mwenyewe na kuwaeleza watoto alikusudia nini. Alidhani Kananu akiisikia kwa mdomo wa mwenyewe ataona uzuri wake.

Bwana Ireri alikuja Jumamosi, mtu wa makamo mwenye suti nzuri na haya nyingi. Alituletea zawadi: katoni ya vitabu vyake vya maandishi ya kawaida, kwa shule ya vipofu. Niliipokea kwa mikono miwili. Ingekuwa utovu wa adabu kusema neno.

Ukumbi ulijaa. Alikuwa amechagua kusoma "Fundi wa Kona", na ilionekana wazi kwamba aliichagua kwa upendo. Alisoma vizuri, nakubali. Alipofika kwenye jua linatua alishusha sauti. Fundi akafunga sanduku. Akanyoosha mkono. Bwana Ireri akainua macho akazitazama nyuso zile zote, kisha akausoma mstari wa mwisho.

Hakuna kilichotokea. Mtu alikohoa. Mtoto wa kidato cha kwanza akamuuliza jirani yake kama wanaenda kula sasa. Mwalimu Nyaga akapiga makofi peke yake, kisha wengine wakamfuata kwa adabu.

Kananu akasimama. "Naomba kuuliza. Ulitaka nani ashtuke?"

"Msomaji," akasema Bwana Ireri.

"Msomaji gani?"

Akafikiri. "Msomaji yeyote. Hadithi hii imewaliza watu, binti yangu. Nimeandikiwa na watu wengi."

"Ni watu wanaoona?"

"Kananu, keti!" akasema Nyaga.

"Mwache," akasema Bwana Ireri. Alikuwa amebadilika rangi, na nadhani mimi na Nyaga peke yetu ndio tuliojua. Alishika kitabu chake kama kofia ya mtu aliyekuja msibani. "Ndiyo. Nadhani wanaona. Wewe ungeimalizaje?"

"Singemaliza hapo," akasema Kananu. "Hapo ningeanza. Ningesema sentensi ya kwanza kabisa kwamba fundi haoni, tusipotezeane wakati. Halafu ningetaka kujua huyo mama atamwambia lini juu ya uso wake. Ama atanyamaza? Na akimwambia, fundi atamjibu nini? Hiyo mimi siwezi kujua mapema."

Watoto walikuwa wameinamisha vichwa upande wake.

"Sikuwahi kufikiri kwamba atamwambia," akasema Bwana Ireri.

"Na fundi atamjibu nini?" mvulana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Muulizeni mwandishi," akasema Kananu, akaketi.

Tulimpa chai kwenye stafrumu ya walimu, na sahani ya mukimo, ambao hakuugusa. Alikaa karibu na Mwalimu M'Ikiara. "Mzee," akasema, "nilidhani nawaletea zawadi."

"Umetuletea," akasema M'Ikiara. "Lakini ulitufungia sisi wenyewe kwenye karatasi ya zawadi. Tukafungua, tukajikuta. Kunywa chai, inapoa."

Alikunywa. Alipoondoka alinishika mkono akaniuliza kama msichana yule ana mahali pa kwenda baada ya mtihani. Nikamwambia inategemea alama. Akasema, "Basi ajibu swali," akaingia kwenye gari lake. Nilisimama getini nikawaza kwamba hata mwenyewe aliyeitunga hana uwezo wa kumpa alama.

Mtihani wa taifa ulikuja. Swali lilikuwa lile lile karibu neno kwa neno, hata kule juu hawakuwa na wazo jingine. Karatasi za mtihani huo hazipitii kwangu, kwa hiyo sikujua Kananu aliandika nini. Alitoka chumbani, akaniamkua, akaenda kufunga sanduku lake. Sikumuuliza. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata gredi ya kwenda chuo, na ziada. Nyaga alirukaruka barabarani mbele ya watu. Mwalimu M'Ikiara aliposikia alisema tu, "Vizuri," akaomba aambiwe alipata nini katika Kiswahili. Tulipomwambia ni gredi ya juu kabisa, akarudi kwenye kurasa zake. Mwaka uliofuata alistaafu akarudi Laare, na huko tulimzika, mimi nikiwa nimekaa na wanawake wa kwao kanisani, nikilia kama mwari kweli.

Miaka ilipita. Mashine za vitufe sita mkaziondoa mkaniletea kompyuta na ile printa inayonguruma kama kinu cha kusaga. Inapiga juzuu zima nikinywa chai, na inakosea kwa kasi ileile. Isomeni kwa vidole, nawaomba.

Mwaka jana, kabla ya kustaafu, niliombwa kupeleka majuzuu ya kitabu kipya cha lazima katika shule moja ya kutwa kule Ishiara. Kitabu chenyewe, bila shaka, ni mkusanyiko wa hadithi fupi zenye kumbe. Mwalimu wa Kiswahili wa huko ndiye aliyehitaji breli, wanafunzi wake wote wanaona. Alikuwa Kananu.

Alinitambua kwa salamu. Joto la Ishiara lilikuwa limekaza, tukakaa kwenye benchi nje ya stafrumu tukila githeri, na nikaamua kuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekaa na swali hilo muda mrefu mno.

"Ule mtihani wa taifa, Kananu. Uliandika nini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Niliandika nilishtuka, Madam."

Nikageuka kumtazama.

"Niliandika kurasa mbili. Kinywa changu kilibaki wazi, moyo ulinidunda, nilirudi nyuma nikasoma tena nikaona jinsi nilivyodanganywa kwa ustadi. Nilileta mpaka ushahidi." Akaweka kijiko chini. "Usiku wa kuamkia mtihani nilifikiria ile miteremko ya kwetu. Nilitaka kwenda chuo. Kitu kilichoniudhi ni kwamba niliandika vizuri sana. Ilikuja rahisi."

"Hawakustahili uwaandikie vizuri hivyo," nikasema. Nilikuwa na hasira mpya kabisa, ya miaka yote ile kwa pamoja. Nilimkasirikia aliyetunga swali, na msahihishaji wa wino mwekundu, na neno thibitisha. Yeye sikumkasirikia hata kidogo.

"Najua," akasema. Kengele ikalia. "Kuja uone darasa langu."

Niliketi nyuma. Wanafunzi walifungua vitabu. Kananu alisimama mbele na juzuu langu jipya juu ya meza, mikono yote miwili juu ya ukurasa wa kwanza.

"Leo ni hadithi ya mzee anayengoja kijana wake kwa stendi," akasema. "Kijana alikufa zamani. Mzee anajua, na bado anakuja. Huo ndio mwisho. Sasa tuanze."

Darasa likalipuka. "Aki Madam!" akalia msichana mmoja wa mstari wa mbele. "Umetuharibia stori!"

"Nimekuharibia nini? Simama wewe, Wanja. Soma, utuambie mahali imeharibika."

Wanja akasimama amenuna, akaanza kusoma mbiombio, kama mtu anayefagia. Mzee akafika stendi. Akawasalimu makanga wa magari. Akapangusa kiti kimoja, kisha akapangusa cha pili. Hapo kasi ya Wanja ikapungua. Mzee akamwendea mwanamke wa mahindi ya kuchoma, akachagua hindi moja, akaligeuza, akachagua na la pili.

Wanja akanyamaza. Hakuna aliyecheka, hata wavulana wa dirishani.

"Madam," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa, "mbona amenunua mawili?"

Vidole vya Kananu vilikuwa vimesimama kwenye mstari uleule.

"Endelea," akasema, na Wanja akaendelea, polepole.